Shukrani ambazo mtoto hakuandika

Jumapili usiku. Leo nimerudishiwa barua niliyoitafsiri, na aibu yake haijanitoka mpaka sasa.

Huu ni mwaka wa pili najitolea kutafsiri barua za shirika moja la kimataifa la watoto. Kazi yenyewe haina mbwembwe. Jioni nafungua kompyuta, nakuta barua nne au tano zilizoskaniwa, za watoto kwenda kwa wafadhili wao na za wafadhili kwenda kwa watoto. Nikikuta jina la ukoo, namba ya simu au jina la shule, naliondoa, maana barua haitakiwi kumwonyesha mtu njia ya kumfikia mtoto. Wapo wafadhili wanaoona tunawabania. Na wabaniwe tu.

Hii iliyorudi ni ya mtoto wa miaka tisa. Mistari michache ya penseli, herufi zimelalia upande mmoja, na mahali pamoja amefuta mpaka karatasi ikatoboka. "Mimi ni mzima. Paka wetu amezaa watoto watatu. Mmoja hana mkia. Wewe una paka?" Chini amewachora wote watatu, na yule asiye na mkia amemfanya mkubwa kuliko wenzake.

Niliisoma nikaona imepungua. Mtu anatoa hela kila mwezi, miaka inakatika, halafu anaandikiwa habari za paka? Nikaona haya kwa niaba ya mtoto ambaye mwenyewe hakuwa na haya yoyote. Basi nikachomeka sentensi moja mwishoni, nzuri tu, ya kushukuru kwa msaada wote. Nani angejua?

Mratibu alijua. Anasoma lugha zote mbili, bahati mbaya yangu. Ameniandikia kwa upole: "Ndugu, hii ya mwisho mtoto ameiandika wapi? Siioni."

Nimeshinda na swali hilo kutwa nzima. Kwenye mafunzo tulipitishwa kwenye Mkataba wa Haki za Mtoto, ule wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989. Ibara ya 12, kwamba mtoto ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na upeo wake, niliijibu vizuri sana kwenye jaribio. Haikunijia kwamba inafika mpaka kwa paka asiye na mkia.

Mtindo huu wa kumuunganisha mfadhili na mtoto mmoja haukuanza jana. Shirika la watoto la Plan International lilianza nao mwaka 1937, kwa watoto wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Lakini hela haihitaji barua ili ifike. Mwenye kutaka shukrani asome ripoti ya mwaka, humo zimejaa tele. Mtoto huyu alikuwa na jambo lake la kusema, na alilisema likaisha.

Nimeifuta sentensi yangu. Nilipokuwa napitia upya nikakuta kosa jingine ambalo hata mratibu lilimpita. "Wewe una paka?" nilikuwa nimeigeuza kuwa "Natumaini na wewe una paka," eti adabu. Hapo mfadhili hakubakiwa na la kujibu. Nimelirudisha swali na alama yake, nikatuma saa tano na nusu.