Sajenti Anapokualika Kusali

Jumapili usiku, Kahawa

Mimi ni sajenti jeshini, na waumini wenzangu huniuliza sana kuhusu bunduki. Leo tena, baada ya ibada, mama mmoja wa ushirika wetu hapa Kahawa West amenishika mkono akaniambia, "Mwanangu, ile 'usiue' wewe huwa unaisomaje?" Ameuliza kwa upendo, naye anastahili jibu la kweli.

Nimemtajia Luka 3:14. Askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamuuliza wafanye nini. Hakuwaambia wavue magwanda. Aliwaambia, "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo; tena mtoshewe na mshahara wenu." Kila nikiusoma mstari huo naona Yohana aliijua vizuri kazi yetu. Alilenga palepale ambapo mwenye silaha hujaribiwa anaposimama mbele ya asiye nayo. Na kuna Kornelio wa Kaisaria, akida, ambaye Matendo 10 inamwita mtauwa akiwa bado kazini.

Hata hivyo sidai kwamba moyo umetulia kabisa. Tangu majeshi yetu ya Kenya yavuke mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, wako waliokwenda wasirudi, na tarehe 15 Januari, siku kambi yetu ya El Adde huko Somalia iliposhambuliwa mwaka 2016, ni siku nzito kwetu kila mwaka. Kuwaombea wajane ni rahisi. Mathayo 5:44 inanitaka niwaombee na walioshambulia. Huwa naomba. Jioni nyingine maneno yanatoka kinywani tu, nami nayaacha yatoke, maana naamini Mungu huyapokea hata hayo.

Lakini mama yule hakuuliza lile linaloniumiza kichwa zaidi, nalo ni tepe zangu tatu za usajenti.

Wiki iliyopita nilimkaribisha askari kijana kwenye maombi yetu ya Jumatano jioni. Akasimama wima, akaniuliza, "Afande, ni lazima?" Nikamwambia si lazima hata kidogo. Swali lake limenikaa tangu siku hiyo. Kijana huyu ametoka Eldoret juzi tu, na kule kuruta hufunzwa kuitikia "ndiyo afande" kabla akili haijamaliza kusikia. Sisi wakubwa wake tunamtaka awe hivyo, kwa sababu ipo siku uhai wake na wa wenzake utategemea wepesi huo. Sasa mtu aliyefunzwa hivyo, sajenti akimwambia "karibu tusali", atasikia mwaliko au amri?

Kanisani huku uraiani, mhubiri akikuchosha unahama. Kambini huwezi kumhama sajenti wako. Ndiye anayepanga zamu, ndiye anayeulizwa tabia yako, na ruhusa yako ya kwenda nyumbani hupita mikononi mwake. Mtu wa namna hiyo akisema "Bwana asifiwe", wengi wataitikia "Amina", na baadhi yao watakuwa wanaiitikia tepe.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini. Kifungu cha 24(5) kinaorodhesha haki ambazo sheria inaweza kuzipunguza kwetu sisi wanajeshi: faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, mambo ya kazi na nyingine. Imani haimo katika orodha hiyo. Hilo hunipa nguvu. Sina haja ya kuficha Biblia yangu, wala kunong'ona ninaposhukuru kwa chakula mesini. Ila uhuru huohuo ni wa kijana yule pia, na ni wa koplo mmoja Mwislamu ambaye Ramadhani nikimshikia zamu ya magharibi, Krismasi hunishikia yangu.

Kwa hiyo nataka imani yangu ionekane kwanza pale ambapo cheo hakiwezi kuisaidia. Nikipewa hesabu ya stoo ambayo sikuihesabu mwenyewe, siitii sahihi. Mdogo wangu wa cheo akishtakiwa, nasema nilichokiona na kuishia hapo. Hakuna wa kunipigia saluti kwa hayo, na mara nyingine yanaleta ubaridi mesini.

Namkumbuka Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi aliyefariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024. Siku tatu baadaye alizikwa kwao Siaya bila jeneza, kama alivyotaka mwenyewe. Jenerali mzima, ardhini kama mtu yeyote. Mimi niliyaona mazishi hayo kama mahubiri, na hakuna askari aliyeamriwa kuyasikiliza.

Nimezungumza na padre wetu. Kuanzia sasa matangazo ya maombi atayatoa yeye, koplo mmoja ataongoza, nami nitakaa na wengine kwenye benchi. Daftari la waliohudhuria nimeomba lisiwepo kabisa. Nitaendelea kushuhudia kwa sauti yangu yote siku ninayopewa nafasi, kwa sababu Kristo ni uzima wangu na siwezi kunyamaza juu yake.

Yule kijana nimekuja kujua ni Msabato. Ratiba ya mwezi huu imempa lindo Jumamosi zote. Kesho asubuhi, kabla ya gwaride, nitakaa na karani tuone Jumamosi zipi zinaweza kubadilishwa na Jumapili za wengine, zangu zikiwemo.