Ami na Kamba za Viatu

Kenya ilikwenda Kombe la Dunia la kriketi la mwaka 2003 na manahodha watatu. Mwenye kofia alikuwa Steve Tikolo. Chini yake alikuwamo Maurice Odumbe, aliyeiongoza timu mwaka 1996 siku ile West Indies walipotolewa wote kwa mikimbio (alama za kriketi) 93 tu kule Pune, India, na Asif Karim, nahodha wa mwaka 1999, ambaye alikuwa ameshastaafu akaitwa arudi akiwa na miaka 39. Nikiwasimulia hivyo wenzangu wa mpira wa miguu hucheka. Fahali wawili hawakai zizi moja, sasa watatu?

Jambo hilo lilinigusa kuliko nilivyopenda, kwa sababu mwaka huo nilikuwa nahodha wa timu ya kriketi hapa Tanga, na nahodha niliyempokea hakuwa amekwenda popote. Kila Jumapili alisimama hatua chache kutoka nilipo, na kila Jumapili nilianza kwa kumpa shikamoo.

Wote tulimwita Ami, hata watoto wa Kihindi. Alikuwa fundi wa karakana ya reli, mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Kriketi aliijifunza utotoni kwa kuokota mipira iliyoruka ukuta wa uwanja wa wakubwa, akairudisha, akaombwa airushe badala ya kuileta mkononi. Mpira wake haukuwa na kasi. Anatembea hatua chache, mkono unapita karibu na sikio, mpira unapanda juu ya macho ya mpigaji, anadhani ameshaupata, halafu unazama na kukata pembeni. Vijana wenye mabavu waliuchukia mpira ule. Timu yenyewe ilikuwa mchanganyiko: watoto wa Ngamiani, wa Chumbageni, wanafunzi, wauza duka, na mwalimu mmoja wa hesabu aliyekuwa akigombana na mwandika mikimbio kila mechi.

Unahodha nilipewa na Ami mwenyewe. Alisema magoti yamechoka na kwamba timu inahitaji mtu wa kuandika barua kwa timu za Dar es Salaam na kuzijibu. Sifa yangu kubwa basi ilikuwa mwandiko. Hakuna aliyepinga, lakini kukubali kwenye kikao ni jambo moja na kusogea uwanjani ni jingine. Nikimwambia mtu asogee kushoto, kwanza anamtazama Ami. Mrushaji akipigwa sita, mpira ukavuka mpaka bila kugusa chini, anamtazama Ami. Hata mimi, wallahi, shingo ilikuwa inageuka yenyewe.

Na Ami kila mara anakuwa ameinama, anafunga kamba za viatu.

Nilichelewa kulielewa hilo. Nilidhani viatu vyake vibovu. Vilikuwa vya turubai, vimepakwa chokaa nyeupe, na kamba zake kwa kweli zilikuwa zimechoka. Ila kamba gani zile zinazofunguka kila nahodha anapotoa amri?

Nahodha niliyekuwa naye kichwani wakati huo alikuwa Imran Khan wa Pakistan. Habari zake nilizipata kwa Motabhai, mwenye duka la vitambaa, shabiki wa India asiyejificha, lakini mtu wa haki kwenye kriketi. Alitusimulia mara nyingi jinsi Imran, naye akiwa na miaka 39, alivyokwenda kurusha shilingi kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1992 amevaa fulana yenye picha ya simbamarara, timu yake ikiwa karibu kutupwa nje. Jinsi alivyojipandisha nafasi ya tatu kupiga kwenye fainali Melbourne akapata 72. Jinsi alivyomwita Wasim Akram, na Wasim akawang'oa Allan Lamb na Chris Lewis wa Uingereza kwa mipira miwili mfululizo, Pakistan wakashinda kwa mikimbio 22. Kwa masimulizi hayo nahodha ni mtu anayeonekana, anayenyoosha kidole na watu wakakimbia. Nikaanza kutembea uwanjani nimefunga mikono nyuma. Uwanja wa mchangani haujali mikono imefungwa wapi.

Jumamosi ya tarehe 15 Machi Kenya walicheza na Australia, Durban. Sebule ya Motabhai ilijaa, maana dishi lilikuwa kwake. Sisi wa timu tulikaa chini kwenye mkeka, wazee kwenye makochi, bajia na chai ya tangawizi zikipita juu ya vichwa vyetu. Kenya walikuwa wameshafanya maajabu. New Zealand walikataa kwenda Nairobi kwa kuhofia usalama, pointi zikabaki nyumbani. Sri Lanka wakaenda, Collins Obuya akawapiga wiketi tano, yaani akawatoa wapigaji watano. Zimbabwe nao wakafungwa. Lakini Australia ile haikuwa timu ya kuzungumziwa kwa utani. Brett Lee alitoa watatu kwa mipira mitatu mfululizo, Kenya wakaishia 174. Zamu ya Australia, Adam Gilchrist akaanza kupiga mpira kila upande wa uwanja, na pale sebuleni baadhi yetu tukaanza kutafuta viatu mlangoni.

Ndipo Tikolo akampa mpira Asif Karim.

Sijui kama nitawahi kuona tena ova, ile mipira sita sita ya mrushaji, kama zile. Ricky Ponting akaondoka. Kisha Darren Lehmann, kisha Brad Hogg, wote wawili katika ova moja. Wapigaji walioizoea mipira ya kasi walikuwa wananyoosha mguu mbele, wanazuia, wanarudi nyuma, mkimbio haupatikani. Karim alimaliza na ova nane na mipira miwili, akatoa mikimbio 7 tu na kuchukua wiketi 3. Australia walishinda hata hivyo, kwa wiketi tano, na mchezaji bora wa mechi akawa mzee wa upande ulioshindwa.

"Huyo alikuwa kapteni wao juzi tu," Motabhai akatuambia vijana, kana kwamba hatujui.

Ami alikuwa anapangusa mafuta ya bajia kwa kipande cha gazeti. Akasema, bila kumwelekea mtu, "Ndiyo maana anarusha hivyo. Kofia anayo mwenzake. Yeye ana mpira tu."

Usiku ule sikulala mapema. Kesho yake tulikuwa na wageni kutoka Dar.

Walifika na basi dogo, waja leo waondoka leo, wenye pedi mpya na mifuko ya magurudumu. Sisi asubuhi tulikuwa tumeshautandika mkeka wa kuchezea juu ya sakafu ya saruji, tukaunyoosha kwa kuuvuta watu wanne wanne na kuupigilia misumari mirefu kwa nyundo ya Ami aliyokuja nayo kutoka karakana. Mkeka ukilegea upande mmoja mpira unaruka vibaya na mtu anaweza kupoteza jino, kwa hiyo kazi ile haikufanywa na watoto. Ami aliizunguka yote, akikanyaga kila pembe kwa kisigino.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Pembe ya kule ina msumari mmoja mfupi. Utafute mwingine."

Tulipiga sisi kwanza. Tulipata mikimbio ya wastani, haina sababu ya kuisimulia, isipokuwa mwalimu wa hesabu alitolewa kwa mpira ambao anaubishia mpaka kesho.

Zamu yao ilianza kwa kishindo. Walikuwa na mpigaji mmoja wa mbele, kipande cha mtu, anayepiga bila kusogeza miguu. Nikampa Ami mpira mapema, na nakiri nilikuwa nimejaa Durban kichwani. Ova ya kwanza alipigwa sita mbili. Ya pili mpira uliangukia barabarani ukamkosa kidogo mwendesha baiskeli, naye akasimama, akaushika, akaanza kutusomea. Ova iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Watu wakaanza kunitazama, na safari hii hawakuwa wanamtafuta Ami kwa macho. Walikuwa wananingoja mimi.

Sasa niambie, unamwondoaje mtu mzima? Kwetu mzee haambiwi "kaa pembeni" mbele za watu. Nyumbani neno kama hilo lingepitishwa kwa shangazi, lizungushwe siku mbili, lifike limevaa nguo. Uwanjani una muda wa mtu kutembea kutoka upande mmoja wa mkeka hadi mwingine. Nilimfuata, nikasogea karibu ili wengine wasisikie, nikasema, "Ami, pumzika kwanza. Nitakuhitaji baadaye."

Hakunijibu papo hapo. Aliutazama mpira, akausugua kwenye suruali upande mmoja, taratibu, mpaka ngozi ikarudisha mng'ao, upande ule ambao mrushaji wa kasi angeuhitaji. Akaniwekea kiganjani.

Kisha kwa sauti ya kusikika na kila mtu, hadi mwamuzi: "Nisimame wapi, Kapteni?"

Nikamwelekeza mpakani, kwenye mwembe. Akaenda akikimbia. Magoti yale aliyoyalalamikia kikaoni yalikimbia hadi kwenye mwembe, akageuka, akaniinulia mkono kuuliza kama pametosha. Nikampungia asogee hatua mbili kulia. Akasogea mbili. Kuanzia hapo sikuona tena shingo ikigeuka. Nilipomwambia mwalimu wa hesabu aje karibu na mpigaji, alikuja bila kuomba maelezo, na huyo ni mtu wa kuomba maelezo hata ya jua kuchwa.

Mimi naona watu hukosea wanapoandika kuhusu Tikolo wa mwaka 2003. Wanamsifu kwa kuthubutu kumpa mpira mzee aliyestaafu, na sifa hiyo ni yake kweli. Lakini kazi ngumu zaidi ilikuwa ya Karim na Odumbe: kuwahi kuvaa kofia, kujua ungeamua vingine, na bado ukasimama unapoambiwa. Hilo halimo kwenye kadi ya mikimbio. Ukiwa na mtu wa namna hiyo, hata nahodha wa mwandiko tu ataongoza. Ukimkosa, hata Imran angekuwa na wiki ngumu.

Nilimrudisha Ami jua likielekea magharibi, safari hii upande mwingine, akirusha kuukabili upepo wa baharini. Yule kipande cha mtu alikuwa bado yupo, amechoka, shati limemganda mgongoni. Mpira wa kwanza aliuzuia. Wa pili aliukosa. Wa tatu ulipanda, upepo ukaushika kidogo, akaufuata kwa nguvu zote na kuupeleka juu kabisa, juu sana, kwenye mwembe ule ule ambako sasa nilikuwa nimemweka kijana wa kidato cha tatu. Akaudaka kwa kifua na mikono na kila alichokuwa nacho.

Ova ya mwisho walibakiwa na mikimbio mitano ili washinde. Ami alikuwa bado ana ova. Nilimpa mpira kijana yule wa kidato cha tatu, kwa sababu waliobaki kupiga walikuwa wa mkiani, waoga wa kasi, na yeye alikuwa na kasi. Wakaipata, ya mwisho ikiwa imegusa ukingo wa gongo na kupita nyuma ya mlinda wiketi. Hata leo ningempa yeye. Miaka minne baadaye, fainali ya Kombe la Dunia la ova ishirini, Johannesburg mwaka 2007, Dhoni, nahodha wa India, alimpa ova ya mwisho Joginder Sharma huku Harbhajan Singh, mkongwe, akiwa bado ana yake, wakashinda kwa mikimbio mitano na Dhoni akaitwa mwenye akili. Mimi siku ile niliitwa majina mengine.

"Ungempa Ami," mmoja alisema tunakunja mkeka, na wengine wawili watatu wakaitikia.

Ami alikuwa amepiga magoti anang'oa misumari kwa makucha ya nyundo. Hakuinua kichwa. "Nani kahesabu misumari? Asubuhi ilikuwa zaidi ya hii." Wakaanza kuitafuta kwenye majani, wanabishana juu ya idadi, na habari ya ova ya mwisho haikurudi tena siku ile.

Alhamisi iliyofuata Kenya, nchi ya kwanza isiyo na hadhi ya kucheza mechi za Test, zile za siku tano, kufika nusu fainali, walicheza na India. Sebule ya Motabhai iligawanyika katikati, sisi huku, familia yake kule, na Sourav Ganguly akapiga 111 bila kutolewa mpaka tukakosa la kusema. Kenya walifungwa kwa mikimbio 91. Ami alinigusa bega kabla haijaisha. Alitaka niwaandikie wale wa Dar barua ya marudiano, na niiandike usiku huo huo, kwa sababu mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kusogea na mkeka ukilowa hauchezeki. Nikamuuliza tuwape tarehe gani. Akasema tarehe ni ya nahodha, yeye anachotaka ni kujua mapema ili aombe ruhusa kazini.

Nikamwomba Motabhai karatasi. Alinipa ya risiti za duka, akaniambia nigeuze upande usio na mistari.