Hela ya kustaafu mapema ipo, ila nimeamua kuendelea na kazi

Mimi ni muuguzi, kituo cha afya huku Newala, nimefikisha 55 na serikalini ukifika hapo unaruhusiwa kustaafu kwa hiari, 60 ndo lazima. Watoto wamemaliza vyuo, nyumba ipo, mikorosho inazaa, kwa hiyo pale nyumbani wote walisema mama pumzika. Na hesabu kweli inakubali. Nieleze tu nilivyoipiga, maana wenzangu wengi wanaangalia mkupuo basi, yaani ile hela unayolipwa kwa pamoja ukistaafu.

Mkupuo kwa sisi wa iliyokuwa PSPF, ule mfuko wa zamani wa pensheni za watumishi wa umma, ni 40% ya mafao tangu bajeti ya 2024/25, sio ile 33% ya 2022 iliyotunyima usingizi. Lakini mi nilianza na pensheni ya mwezi, hiyo ndo itanilisha nikiwa na 75. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kinaangalia miezi uliyochangia na wastani wa mishahara yako mikubwa ya miaka 3 ndani ya 10 ya mwisho, sasa mimi nimepanda daraja juzi juzi tu, nikiondoka leo mshahara mpya haujakaa vizuri kwenye huo wastani na pensheni ya chini naenda nayo mpaka kaburini.

Korosho nilizihesabu kwa bei mbaya. Mwaka 2018 wakulima waligoma kuuza mpaka serikali ikaja kununua kwa 3,300 kilo, mwaka 2024 mnada ukavuka 4,000, sasa ukipanga maisha kwa bei ya 2024 halafu ugonjwa wa ubwiriunga ukapiga maua ya mikorosho utakula nini? Na palizi na vibarua wa kupuliza salfa, dawa ya huo ugonjwa, wanataka hela miezi mingi kabla mnada haujafunguliwa, kwetu hiyo hela siku zote imetoka kwenye mshahara.

Tukajaribu kitu na baba watoto, kuishi kwa kiasi kile cha pensheni tu, mshahara unaobaki hatuugusi kabisa. Tukaweza, na hatukulala njaa wala kukopa dukani. Hapo woga wa hela ukaisha, ikabaki kujua kama kweli nataka kuondoka au nimechoka tu. Nikagundua nilichochoka ni zamu za usiku, yaani usiku kucha miguu inavimba, lakini wajawazito sijawachoka hata kidogo, na mabinti wapya walioajiriwa bado wananiita mama njoo uangalie huyu mtoto amekaaje.

Nikaenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, nikamweleza wazi, akanitoa usiku akaniweka kliniki ya mama na mtoto. Kama hujaomba usifikirie watakukatalia, jamani ombeni! Sasa tumekubaliana nyumbani nakaa mpaka hilo daraja jipya litimize miaka 3, likizo nachukua Oktoba wakati wa kuokota korosho, na baba watoto akiumwa akahitaji mtu wa kukaa naye naandika barua siku hiyo hiyo.