Kompaila ya sheda bila LLVM, na nimepona

Nilitaka kuandika kompaila ya sheda, yaani programu inayogeuza sheda (programu ndogo inayokokotoa rangi za picha) kuwa maagizo ya chipu ya michoro. Kila niliyemuomba ushauri alinituma LLVM, mkusanyiko wa vifaa tayari vya kutengenezea kompaila. "Usijisumbue, kila kitu kimo humo." Kimo, sikatai. Lakini watu wa draiva ya RADV, ile ya kadi za AMD kwenye Linux, walikuwa humohumo, wakaishia kuandika kompaila yao, ACO. Tangu toleo la 20.2 la Mesa (mkusanyiko wa draiva huria za michoro) la mwaka 2020, ACO ndiyo inayotumika bila kuombwa. Sababu moja kubwa ni kasi: mchezo ukihitaji sheda mpya, picha inakwama mpaka kompaila imalize.

Basi nikanunua bodi ndogo ya mtumba yenye chipu ya michoro ya Mali-G52, laki mbili na ushee. Ndiyo, Panfrost, draiva ya Mesa kwa chipu za Mali, ipo na inaiendesha chipu hiyo vizuri. Mimi nilitaka yangu. Mesa inakusomea GLSL, lugha ya kuandikia sheda, na kuigeuza kuwa NIR, lugha yake ya kati, ambamo kila thamani huandikwa mara moja tu. Maagizo ya chipu nayo yameorodheshwa humohumo. Unachagua maagizo, unagawa rejista (visanduku vya kuwekea thamani ndani ya chipu), umemaliza. Hivyo ndivyo nilivyowatambia jamaa zangu.

Kugumu ni kwenye phi, alama ya NIR inayochagua thamani kulingana na bloku (kipande cha maagizo) ambako programu imetokea. Kwenye kugawa rejista kuna fundi aliniambia: "Kwenye phi, weka nakala mwisho wa bloku, moja baada ya nyingine. Inatosha." Haitoshi! Sheda haina pa kuchapisha ujumbe, kwa hiyo thamani unayoishuku unaitoa kama rangi, kisha unakodolea macho skrini. Nikaandika kitanzi kinachobadilishana wekundu na ukijani. Tunaanza na kijani; baada ya mzunguko mmoja iwe nyekundu. Ikatoka njano, yaani nyekundu na kijani kwa pamoja. Skrini nzima, njano ya kung'aa, kama inanicheka. (Thamani na idadi ya mizunguko vitoke kwenye uniform, yaani thamani inayopewa sheda kutoka nje, la sivyo NIR hukokotoa yote mapema na utaisifia kompaila mbovu.)

Njano ndiyo iliyomuumbua fundi wangu. Nakala ya kwanza iliandika ukijani juu ya wekundu. Ya pili ikachukua ukijani uleule na kuurudisha ulikotoka. Nakala za phi zinatakiwa kutokea zote kwa mpigo. Kwa hiyo unaanza na zile ambazo rejista zinakoandikwa hazihitajiki tena na nakala nyingine. Zinazobaki ni duara tupu: ni chai na juisi zinazotaka kubadilishana glasi, na glasi ya tatu haipo. Na kuongeza glasi, yaani rejista, si bure: Mali hii ina rejista 64, na ukivuka 32, nyuzi (kazi za sheda) zinazokwenda pamoja hupungua kwa nusu.

Hapo nikatoa XOR, agizo linalolinganisha biti mbili na kutoa 1 zikitofautiana. A kwa B, B kwa A, A kwa B tena. Maagizo matatu, zimebadilishana, hakuna rejista ya ziada. Usijaribu ujanja huo kwa kujumlisha na kutoa, maana kwenye namba za desimali biti hudondoka njiani. XOR haijali ni namba ya aina gani. Skrini ikawa nyekundu, nami nikaiacha ikiwaka mpaka mke wangu akauliza kama imeharibika.

Kuhamishia kumbukumbuni thamani zinazofurika sijakuandika bado. Sheda ikitaka zaidi ya rejista 64, kompaila inagoma na kutoa ujumbe: "Rejista zimekwisha, punguza tamaa."