Kumbukumbu ya mradi: makasia mawili ndani ya mbao moja

Boti ni ya mbao, upana wa sm 120 kwenye vileti (vishikilio vya kasia ubavuni mwa boti), itashushwa Matema, Ziwa Nyasa. Kazi inafanyika Mbeya, uani.

Wiki ya 1. Nusu ya upana ni sm 60, ongeza 5: sm 65 za kasia hubaki ndani ya boti. Gawa kwa 7, zidisha kwa 25, unapata urefu wote, sm 232. Kafi la mtumbwi halihitaji hesabu hii, maana halina kileti.

Mbao ni paina ya Mafinga, mbili kwa nne, futi 12. Moja inatosha jozi: kata sm 232, pasua katikati, hiyo ni mipini miwili. Kipande kilichobaki kinatoa vipande vinne vya sm 65 vya kupanua makafi, yaani sehemu bapa za makasia. Ila ipime kabla ya kulipa. Iliyopunjwa ikawa inchi tatu na nusu haifai. Ikatae pia yenye kiini cha mti, itapasuka tu, na yenye fundo shingoni mwa kasia, mpini unapokutana na kafi, ndipo linapovunjikia.

Wiki ya 7. Imekaushwa kivulini, ikitenganishwa kwa vijiti. Kipande cha majaribio kilipimwa kila wiki hadi uzito ukaacha kushuka.

Wiki ya 8. Gundi nyeupe ya vipande vya makafi imeachia. Ilipakwa jioni, mwezi wa saba, na baridi ya Mbeya usiku hushuka chini ya nyuzi 10; ikakauka kama chaki. Hata ingeshika, maji yangeifungua. Tumerudia kwa epoksi, saa nne asubuhi, klempu siku mbili.

Wiki ya 9. Mpini sasa ni mraba wa mm 45. Chora mstari mm 13 kutoka kila ukingo, randa pembe hadi kwenye mistari: pande nane sawa. Kisha 16, kisha msasa. Randa ikianza kung'oa nyuzi, randa kutokea upande wa pili. Shingo iishie mm 35, ncha ya kafi mm 8, mgongo ukiachwa katikati. Sehemu ya ndani ya boti, kati ya kileti na kishikio, tumeiacha mraba makusudi: uzito wake unasaidia kuinua kafi.

Wiki ya 10. Vanishi mikono mitatu, isipokuwa kishikio. Hapo mafuta ya kitani tu, vanishi hutoa malengelenge viganjani. Kwenye kileti, ngozi sm 25 iliyopakwa mafuta mazito. Tyubu ya baiskeli badala ya ngozi inanata kwenye chuma.

Kasia la pili bado lina pande 16.