Uvimbe mkubwa, kizazi kikabaki

Karatasi ya ultrasaundi niliyopimwa hapa Busia, upande wa Uganda, ilisema nina faibroidi kadhaa, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, kubwa yao sentimita 14. Sokoni wateja walikuwa wameshaanza kunipongeza wakidhani nina mimba. Hedhi ilitoka kwa mabonge, na ngazi fupi tu ilinikata pumzi.

Daktari wa kwanza alisema kizazi kitolewe. Ni tiba halali, na ndiyo pekee inayohakikisha uvimbe haurudi. Kwa aliyemaliza kuzaa, hata mimi ningemwambia aifikirie. Lakini nina mtoto mmoja na bado natamani mwingine, hivyo nikaenda kuuliza tena Kampala, hospitali ya wanawake ya Mulago.

Mama daktari wa huko alianza kwa kuuliza, "Mwanangu, bado unataka kuzaa?" Kisha akanichorea. Ukubwa peke yake hauamui: uvimbe mdogo uliochungulia ndani ya kizazi unaweza kuvujisha damu kuliko mkubwa ulioota kwa nje. Sindano za kuzima homoni huupunguza, ila ukiziacha unakua tena. Kuziba mishipa inayoulisha si chaguo la kwanza kwa anayetafuta mimba. Kwangu ukabaki upasuaji wa kutoa uvimbe na kuacha kizazi.

Hakukubali kunipasua upesi. Kipimo cha wingi wa damu yangu (hemoglobini) kilikuwa 7, chini mno, na dada zangu, hapa naomba msikilize sana: upasuaji huu unaweza kumwaga damu nyingi, msikubali kuharakishwa kabla damu haijapanda. Nilipewa vidonge vya madini ya chuma, nikavimeza na maji ya machungwa, mbali na chai. Siku za hedhi niliongeza traneksamiki asidi ya kupunguza kuvuja. Shangazi alileta mizizi ya kuyeyusha uvimbe. Nilimshukuru kwa upendo wake, sikuinywa.

Karatasi ya idhini ilinitetemesha: damu ikikataa kukoma, kizazi kitatolewa. Nilisaini. Uhai kwanza, na mtoto niliye naye ananihitaji.

Kizazi kilibaki. Nimeambiwa nisubiri miezi 6 kabla ya kubeba mimba, na kwa kuwa kidonda kiliingia ndani sana ya ukuta wa kizazi, nijifungue kwa upasuaji maana kovu linaweza kuchanika wakati wa uchungu wa kuzaa. Uvimbe pia unaweza kuota upya. Yote haya nimeomba yaandikwe kwenye daftari langu la kliniki, ili mkunga yeyote atakayenipokea ayasome kabla hajanigusa.