Umeniulia mti! Visiki vya Machi na fito nyekundu za Desemba

Huku ughaibuni hakuna lawama inayoudhi kama ya mwenye bustani anayekuta vichaka vyake vimebaki visiki mwezi Machi, akaanza kulalamika kuwa mtunza bustani kamuulia miti. Desemba ikifika, huyo huyo anaita majirani waje kutazama fito nyekundu kwenye theluji. Shukrani hakuna.

Mmea wenyewe ni Cornus, Waingereza wanauita dogwood. Rangi kali iko kwenye fito za mwaka mmoja. Ufito ukizeeka, gome linafifia na kuwa la kahawia, na hakuna mbolea ya kulirudisha. Ndiyo maana unakatwa bila huruma: mwishoni mwa Machi, kabla macho, yaani vichipukizi, hayajafumuka, shusha kila ufito hadi ubaki sentimita 5 mpaka 8, wenye macho mawili. Kisha tandaza mboji unene wa sentimita 5, isiguse visiki. Wanaokata Novemba ili bustani ionekane safi wanatupa rangi waliyoingoja mwaka mzima.

Mche mpya usiguswe hadi mwaka wa pili au wa tatu, mizizi iwe imeshika. Uupande mahali penye jua. Kivulini unaota, ila rangi inapooza. Udongo mzito wenye unyevu hauusumbui.

Jina la aina ulijue kabla ya kushika mkasi. 'Sibirica', nyekundu, inavumilia kukatwa yote kila mwaka. 'Flaviramea', ya manjano-kijani, inatambaa: tawi likigusa ardhi linatoa mizizi, ling'oe mapema. 'Midwinter Fire', ya rangi ya moto, ndiyo inayopendwa na ndiyo dhaifu. Ikate theluthi moja tu ya fito, zile kuukuu, la sivyo inadhoofika.

Nyinyi mnaojiandaa kuja kufanya kazi za bustani, jifunzeni kuotesha, msizoee kununua miche. Majani yakishapukutika, kata vipande vya unene wa penseli, sentimita 25 hadi 30. Chini mkato ulionyooka, chini kidogo ya jicho. Juu mkato wa mshazari, ili usije ukapanda kichwa chini. Zika theluthi mbili. Barafu hunyanyua udongo na kuvilegeza, kwa hiyo kila ikiyeyuka vishindilie tena kwa kisigino. Usivihamishe hadi majani yapukutike tena.